Fundi Shi Tingzhang na Nguzo Iliyosimama Kichwa Chini

Ndugu, jamaa, majirani wa Gaopan wa juu na wa chini, na nyie wengine ambao sijui hasa mmekuja kwa nini, nawasalimu. Mimi ni Shi Naihua, dada mdogo wa marehemu. Haya ninayoyasoma yamechapwa pia kwenye karatasi mlizopewa mlipovuka daraja. Atakayekuta neno kwenye karatasi yake ambalo mimi sikulitamka, ajue limeongezwa na mchapaji, na mchapaji huyo ni mkwe wa Fundi Lu Daqing, ambaye jina lake litarudi.

Marehemu Fundi Shi Tingzhang alizaliwa hapa hapa Gaopan, mkoa wa Guizhou, mwaka 1941, mwaka wa nyoka. Kitambulisho chake kilisema tarehe tatu Machi. Tarehe hiyo mimi siiamini. Karani aliyeiandika alimpa kila mtu wa mtaa wetu tarehe tatu Machi, nami nikiwemo, na sisi si mapacha. Mama alituambia kwamba alimzaa wakati wa kuvuna mpunga, akiwa bado ana mundu mkononi. Mama simshuku. Marehemu alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Shi Chaolin na Mama Wu Xiuhe, na kati ya watoto watano waliozaliwa, tuliokua tulikuwa wawili.

Alisoma hadi darasa la nne katika shule iliyokuwa ndani ya hekalu la zamani upande wa pili wa mto. Baba alipoanza kuumwa kifua, marehemu aliacha shule akashika jembe. Mwaka 1956 mume wa shangazi yetu, Fundi Yang Tongsheng, alikuja akamtazama mikono, akaigeuzageuza kama mtu anayenunua bata, akamchukua. Mwaka wa kwanza hakumgusisha mti. Alimnolesha patasi na kumbebesha maji. Mwaka wa pili akamfundisha somo ambalo marehemu alikuwa akilirudia mpaka tukachoka: "Shuku mti. Shuku mvua. Shuku mwenye nyumba. Ukibakiwa na muda, jishuku mwenyewe."

Hivyo ndivyo kazi hii ilivyo, na nyie watu wa matofali hamwezi kuielewa. Nyumba nzima ilichorwa kwenye fito moja ya mwanzi iliyopasuliwa, kwa alama za wino ambazo fundi peke yake alizisoma. Msumari haukuwemo. Kila ulimi wa boriti uliingia kwenye tundu lake la nguzo, na kila tundu lilipimwa peke yake kwa kijiti cha mwanzi, kwa sababu hakuna miti miwili inayolingana. Fundi akiliamini tundu moja bila kulipima, siku ya kusimamisha nyumba kijiji kizima kinashika kamba na ulimi hauingii. Aibu hiyo haikumpata marehemu hata siku moja.

Shaka yake haikubaki kazini. Binti yake alipomletea futi ya chuma kutoka mjini, alimshukuru, kisha akaenda sokoni akanunua nyingine. Akazinyoosha zote mbili juu ya meza. Zikapishana unene wa ukucha. Akamwita mkewe aje ashuhudie, akasema, "Unaona? Mmoja wao ni mwongo, na hawataki kutajana." Akazichukua zote mbili akafungia miche ya nyanya bustanini. Aliligonga tikitimaji kabla ya kulila, aliugonga ukuta wa hospitali kabla ya kuuegemea, na mkwe wake alipokuja kuposa, aligonga sanduku la mahari kwa kifundo cha kidole huku akitabasamu. Mkwe yuko hapa, anakumbuka.

Marehemu alifunga ndoa mwaka 1966 na Yang Meiduan wa kijiji cha Tangwan. Mimi wifi yangu sikumwamini kwa miaka mingi, naye analijua hilo, kwa sababu mwanamke anayesema kidogo namna ile lazima kuna kitu anakificha. Nitarudi hapo. Walijaliwa mtoto mmoja, Qiuyan, mwaka 1971.

Alisimamisha nyumba katika vijiji vyote vya bonde hili. Mnara wa ngoma mnaouona nyuma yangu aliufanyia ukarabati mwaka 1983, na paa la daraja mlilovuka leo alilimaliza mwaka 1985. Wenye nyumba walimpa fundi paja la bata kabla ya wazee wao, na tusidanganyane, hawakumpa kwa mapenzi. Walimwogopa. Kila mtu hapa anajua kwamba fundi aliyekasirika anaweza kusimamisha nguzo moja kichwa chini, ncha juu ya jiwe na shina hewani. Mti uliokua kwenda juu unalazimishwa kwenda chini, na watu wa nyumba ile nao wanarudi chini, mmoja mmoja. Kwa hiyo mwenye nyumba humtazama fundi mikono, na fundi humtazama mwenye nyumba chungu cha kitoweo. Tumeishi hivyo tangu mababu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo nusu yenu mmekuja kulisikia.

Mwaka 1988, majira ya vuli, marehemu alijenga nyumba mbili. Moja ilikuwa ya marehemu Mzee Long Shengwei, na nyingine yake mwenyewe. Magogo ya nyumba zote mbili yalilazwa kwenye uwanja mmoja kando ya mto. Mzee Long alileta misonobari ya shamba lake, na wa nguzo ya mbele, ile ya kulia mtu anapoingia sebuleni, ulikuwa mti aliopandiwa mwanawe wa kwanza, Guangyao, siku aliyozaliwa. Mti ulikuwa na umri wa kijana, miaka ishirini. Mzee Long aliutia alama ya ukoo kwa panga ungali mchanga, mikato mitatu na mmoja wa kukingama, kama tunavyofanya sote.

Nyumba ya akina Long ilisimama vizuri, na boriti ya mgongo wa paa iliinuliwa siku iliyochaguliwa na mpiga ramli, kwa fataki na keki za mchele. Miaka mitano baadaye, mwaka 1993, Guangyao aliangukiwa na ukuta wa matofali alipokuwa akifanya kazi ya ujenzi Guangdong. Alikuwa na miaka ishirini na mitano. Mama yake, Bibi Wu Peijiao, aliacha kula. Na siku ya arobaini na tisa ya msiba, wakati mama yule hana hata nguvu ya kufukuza nzi, Fundi Lu Daqing alimwendea akamwambia kwamba mwaka ule wa 1988 alipita uwanjani kuomba moto wa kiko chake, akamkuta Shi Tingzhang ameweka gogo juu ya farasi za mbao za kuchongea, na neno la "juu" ameliandika kwenye shina.

Lu Daqing, usiniangalie hivyo. Ulichokiona ulikiona kweli. Ulichokisema ndicho kilichoniweka hapa na karatasi hizi.

Mwaka 1994 wazee walikutana chini ya mnara wa ngoma. Nilikuwa nyuma, pamoja na wanawake, lakini masikio yangu yalikuwa mbele. Mzee Long hakupiga kelele. Alisema, "Fundi, njoo nyumbani kwangu na randa. Unyoe nguzo ya mwanangu kiasi cha kiganja, tuone vifundo vya matawi vinaangalia wapi. Vikiangalia juu, nitakupigia magoti mbele ya watu wote hawa."

Kwa wasiojua: matawi ya msonobari huinuka, na kifundo cha tawi kilichobaki ndani ya mti nacho huinuka. Nguzo unaweza kuichonga ilingane unene juu na chini, ukaipaka mafuta, ikaingia moshi, lakini vifundo vyake havidanganyi. Ilikuwa kazi ya kupepesa macho. Na hapakuwa na mwingine wa kuifanya, maana mkono wa mtu mwingine hautii chuma kwenye nguzo iliyosimama maadamu aliyeisimamisha yu hai.

Kaka yangu alitazama miguu yake, akasema, "Siendi."

"Kwa nini?"

"Nguzo ile ni nzima. Sitaitia chuma."

"Basi apa!"

"Naapa ni nzima."

"Apa kwamba ni ya kichwa juu!"

"Nimeapa ninachoapa, Mzee Long."

Akavaa kofia akaondoka. Sijawahi kuona mtu anayejizika mwenyewe kwa maneno machache hivyo. Kuanzia siku ile kijiji cha chini hakikumpa kazi tena. Akina Long hawakutuma mtu kwenye harusi yetu wala msiba wetu. Mzee Long alikufa mwaka 2003 bila kumsalimia. Nami, dada yake wa tumbo moja, nilijiuliza mambo ambayo sitayasoma hapa.

Kwa nini nisijiulize? Nyumba yake ilikuwa na nguzo nyingi, lakini ilikuwepo moja, ile iliyo kati ya sebule na jiko, ambayo kila mwisho wa mwaka aliipaka mafuta kwa kiganja, taratibu, kuanzia chini hadi mkono wake ulipofika. Nyingine alizipiga kitambaa akaziacha. Mwaka 1992, Qiuyan alipompoteza mtoto wake wa kwanza, kaka yangu alikaa mchana mzima ameegemeza kisogo kwenye nguzo hiyo, na mtu akimsemesha hasikii. Siku moja nilipomtembelea, nikamwona ameshuka kulisha nguruwe, nikaiendea nguzo nikaigonga, nikaweka sikio. Nikamsikia kaka yangu anakohoa nyuma yangu.

"Naihua, unatafuta nini?"

"Nasikiliza."

"Inasemaje?"

"Inasema kaka yangu ana siri."

"Basi mti huo mmbea. Njoo unywe chai ya mafuta, inapoa."

Nikanywa, lakini sikuridhika. Nikamgeukia wifi yangu, nikamwuliza kwa macho. Alikuwa anakaanga mchele wa kutia kwenye chai hiyo, hakuinua kichwa. Ndiyo maana nilimshuku.

Ugonjwa wa marehemu ulianza mwaka jana, na kama kawaida yake aliuficha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Alisema tumbo linamsumbua kwa sababu ya samaki mchachu wa jirani. Mwezi wa sita alipelekwa hospitali ya wilaya, wakaona uvimbe kwenye ini. Daktari alimwonyesha picha, naye akaitazama muda mrefu, akauliza, "Huu uvimbe umeanzia shina au ncha?" Daktari akadhani anaweweseka. Alirudi nyumbani kwa hiari yake, akasema hataki kufia chini ya dari ya saruji. Alifariki dunia Jumatatu, tarehe 9 Novemba 2015, asubuhi, mkewe akimshika mkono na Qiuyan akimpa uji wa mchele ambao hakuumeza. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne.

Kesho yake, tulipokuwa bado tunapanga nani atapika nini, alikuja Long Guangcai, mdogo wake Guangyao. Hakuja na ubani. Alikuja na randa.

"Shangazi," akaniambia, "poleni kwa msiba. Mama ameniagiza niwaambie. Aliyesimamisha nguzo yetu hayupo tena, kwa hiyo sasa tunaweza kuinyoa. Tutainyoa Alhamisi, mbele ya wazee. Ikiwa kichwa chini, jeneza halivuki daraja. Nusu ya magogo ya lile daraja ni yetu."

"Na makaburi ya ukoo wetu yako ng'ambo. Tukamzike wapi, kwenye banda la nguruwe?"

"Hilo mngemwuliza yeye akiwa hai."

"Na ikiwa kichwa juu?"

Akaitazama randa yake. Hilo walikuwa hawajalipanga.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, usiku na mchana nilikuwa naomba jambo moja tu: kaka yangu avuke. Mtu aliyeezeka daraja kwa mikono yake asizuiwe kulipita akiwa amelala. Na nilikuwa na hofu, kwa sababu sikuwa na uhakika naye.

Jumatano, tarehe 11, tuliliteremsha jeneza. Alilitengeneza mwenyewe alipofikisha miaka sitini, likakaa darini chini ya vikapu vya mpunga. Ni zito, alilichonga kwa mbao nene kama anajengea mvua ya miaka elfu. Wanaume walilishusha kwa kamba, Lu Daqing akitoa amri ambazo hakuombwa, "Kushoto, kushoto, inueni!" Kona ya jeneza ikayumba, ikaikwaruza ile nguzo iliyo kati ya sebule na jiko. Masizi ya miaka mingi yakabanduka kama ganda la yai, na mti mweupe ukaonekana.

Watu wakaacha kuvuta kamba.

Kifundo cha tawi kilikuwa kinaangalia sakafu.

"Kichwa chini!" Lu Daqing akapayuka. "Si niliwaambia? Mchawi mpaka kwake mwenyewe! Si niliwaambia?"

"Lishusheni jeneza kwanza," nikasema, "halafu mseme upumbavu."

Wakalishusha. Guangcai, aliyekuwa amesimama mlangoni kutupeleleza, akaingia. Akalowesha kidole mate akaendelea kufuta masizi. Pakatokea mikato mitatu ya panga na mmoja wa kukingama, imepinduka, kongwe, imezibwa na mti wenyewe kama kovu linavyozibwa na ngozi. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni alama ya baba yangu," akasema. "Huu ni mti wa Guangyao."

Kisha akapata sauti. "Mwizi! Kumbe si mchawi, ni mwizi! Alituibia mti wa kaka yangu akajengea kwake!"

"Mwizi gani anaiba mti mzuri halafu anausimamisha kichwa chini nyumbani kwake?" nikamjibu. "Hebu tumia hicho kichwa chako kilicho juu."

Nikamgeukia wifi yangu Meiduan, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda kando ya maiti ya mumewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na tisa nikamwona anataka kusema.

"Guangcai, mwanangu," akasema, "leta ngazi. Panda juu, mahali nguzo inapobeba boriti. Gonga."

Akapanda. Akagonga. Hata sisi tuliokuwa chini tulisikia, sauti ya ngoma.

"Pana uwazi," akasema kutoka juu. "Ndani pameoza. Mtu amepaziba kwa kipande cha mti mwingine."

"Hilo ndilo shina," wifi akasema. "Lilikuwa limeoza tangu mti ukiwa shambani. Nje huwezi kujua. Aliligundua uwanjani alipokata shina ili likae sawa juu ya jiwe, kabla hajatoboa tundu hata moja. Siku ya kuinua boriti ilikuwa imeshachaguliwa, wageni wameshaitwa. Akaja nyumbani hali chakula. Nikamwuliza una nini. Akasema, nitamwambiaje mama kwamba mti wa mwanawe umeoza shina na mtoto mwenyewe yuko pale anacheka, anabeba magogo?"

Akaivuta shuka ya mumewe ikae vizuri, akaendelea.

"Akawapa nyinyi nguzo yetu. Ilikuwa nzuri kuliko zote, aliikausha miaka mitatu. Wenu tukauchukua sisi. Nikamwambia tuukate kuni. Akasema mti wa mtoto wa mtu aliye hai haukatwi kuni. Shina likikaa chini, unyevu ungeumaliza. Likikaa juu, moshi wa jiko ungelikausha. Kwa hiyo akaugeuza. Alijua unachokileta mti uliogeuzwa. Nami nilijua."

"Ulijua!" nikasema. Nilipandwa na hasira, sifichi. "Miaka ishirini na saba, Meiduan! Watu wanamla nyama kaka yangu, na wewe unakaanga mchele!"

"Wifi, ungemwambia nani wewe? Ungemwambia kila mtu." Akajifuta pua. "Mjukuu wetu alipokufa nilimwambia autoe. Akaniuliza, nikiutoa utaenda wapi? Na Guangyao alipokufa, ndiyo kabisa. Akina Long walitaka ainyoe nguzo yao. Angeinyoa, wangekuta alama yetu badala ya yao. Mama angeuliza mti wa mwanangu uko wapi. Angemjibu nini? Kwamba ulioza zamani, mtoto akiwa bado mzima? Alisema afadhali ashukiwe yeye, kuliko mama aanze kuushuku mti."

Guangcai alishuka ngazi. Akaondoka mbio, akaiacha randa yake sakafuni.

Sisi tulimfuata mpaka kwao, wazee na nusu ya kijiji, maana shaka haifi kwa maneno ya mjane. Hawakungoja Alhamisi. Aliinyoa nguzo yao kiasi cha kiganja, upande unaotazama ukuta wa mbao. Vifundo vilikuwa vinaangalia juu, vyote. Na chini yake palikuwa na alama ya ukoo wa Shi, duara na mkato.

Bibi Peijiao alikuwa amekaa karibu na meko. Ana miaka themanini na mbili, haoni vizuri, na watu walikuwa wakimwambia wote kwa pamoja. Aliwanyamazisha kwa fimbo. "Mmoja aseme," akasema. Guangcai akamweleza. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasimama akasema apelekwe.

Tulimpeleka kwa mkono mpaka nyumbani kwa marehemu. Hakuutazama mwili. Alienda moja kwa moja kwenye nguzo, akaipapasa kuanzia chini, akaipata mikato, akaihesabu kwa kidole gumba. Halafu akageuza kiganja chake akakinusa.

"Mmekuwa mkimpaka mafuta," akasema.

"Kila mwisho wa mwaka, dada," wifi akajibu.

"Mimi ile ya kwangu nimeipa mgongo tangu Guangyao alipokufa. Hata vumbi siipangusi. Nilidhani ndiyo iliyomwua." Akaweka paji la uso kwenye mti. "Kumbe ulikuwa huku, unatunzwa na mtu ninayemlaani asubuhi na jioni."

Mtu mmoja akasema, kwa nia njema nadhani, kwamba sasa fundi mwingine anaweza kuitoa nguzo ile na kuigeuza, ili nyumba ipone. Bibi Peijiao akainua fimbo tena.

"Usiuguse. Una kichwa chini, umeoza shina, na bado umebeba paa. Uacheni."

Alilia, nami nikalia. Sijui alikuwa akimlilia mwanawe au kaka yangu. Kawaida yangu ningeuliza. Safari hii niliacha.

Leo asubuhi jeneza lilivuka daraja. Mnajua nyote nani alikuwa ameshika mti wa mbele wa kubebea, bega la kulia, mpaka kola ikachanika. Alikuwa Long Guangcai. Mama yake alitembea nyuma ya wifi yangu na mimi, akiwa ameshika upindo wa nguo yangu ya msiba, na hatukumwambia auachie. Lu Daqing naye amekuja na mtungi wa pombe ya mchele. Nimeuonja mwenyewe kabla ya kuruhusu wageni. Umechanganywa maji kidogo, lakini umekuja.

Na kama bado yupo kati yenu mwenye neno moyoni, mlango wa nyumba ya marehemu uko wazi na ngazi iko pale pale. Apande, agonge. Kaka yangu asingekasirika. Yeye mwenyewe angegonga.

Marehemu ameacha mjane, Yang Meiduan, ambaye kuanzia leo atakayemshuku mbele yangu atanikoma; binti, Shi Qiuyan, na mkwe, Wu Bangde; wajukuu wawili; dada mmoja, ambaye ndiye mimi; mnara, daraja, na nyumba nyingi ambazo hakuna hata moja iliyoegemea upande. Ameacha pia mti mmoja wa watu, ambao wifi yangu na Bibi Peijiao wamekubaliana kuupaka mafuta pamoja mwisho wa mwaka huu.

Ardhi ya Gaopan impokee taratibu. Miti ya wenzake aliisimamisha kichwa juu, ule uliopinduka akaubakiza kwake. Sasa apumzike, kaka yangu. Hakuna tena cha kugonga.